Mdimu mmoja, viwavi watatu: kisa cha picha za uani, Langoni, Lamu

Mdimu wenyewe umepandwa kwenye pipa la plastiki, uani kwa nyumba moja ya mtaa wa Langoni. Kimo chake ni mita 1.8, na shina liko sentimita 80 kutoka ukuta wa kaskazini. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe, umepakwa chokaa, na unapanda mita 4. Aliyepiga picha ni binti wa nyumba, kwa simu yenye kamera ya megapikseli 12 na lenzi ndogo ya kubana juu ya kamera, ile inayouzwa kwa jina la makro. Alianza wiki ya pili ya Juni, masika yanaisha na mdimu umetoa vichipukizi. Alimaliza katikati ya Julai.

Zilibaki picha zaidi ya mia tatu. Zilimtambulisha kipepeo mmoja hadi jina la spishi, na zikaacha kundi la nyigu wadogo wasio na jina hadi leo. Cha ajabu, picha za nyigu ndizo zilizotoka kali kuliko zote, na za kiwavi aliyempa kipepeo jina lake nyingi zina ukungu. Ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuchambuliwa. Ukali wa picha ni jambo moja, na picha kujibu swali la anayetambua mdudu ni jambo jingine kabisa.

Kinyesi kilichokuwa na miguu

Siku ya kwanza kilichoonekana juu ya jani changa ni doa la milimita 6, jeusi kwa hudhurungi, na baka jeupe katikati. Mama mwenye nyumba alikwisha kuchukua kitambaa kukifuta kinyesi cha ndege. Ndege naye hukosea vivyo hivyo, akamwacha kiwavi salama. Madoa mengine mawili kama hilo yalikuwa kwenye kichipukizi cha pili.

Mti wenyewe ulikwisha kutoa nusu ya jibu. Kiwavi mwenye sura ya kinyesi juu ya mdimu, mlimau au mchungwa wa pwani ni karibu kila mara mtoto wa vipepeo wakubwa wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Papilio. Wa kwanza kushukiwa ni Papilio demodocus, anayependa sana michungwa na nduguze. Lakini Papilio nireus na Papilio dardanus nao hula mimea ya jamii hiyo, na viwavi wao wadogo hufanana naye. Kwa hiyo kiwavi wa milimita 6 hapewi jina la spishi kwa picha, hata ingekuwa kali namna gani. Anayetaka jina sharti amfuate kiwavi mpaka ajivue ngozi mara ya nne na kuingia hatua ya tano, ambayo ni ya mwisho. Hapo demodocus hugeuka kijani, akawa na mikanda ya rangi iliyokolea pembeni na alama mbili za macho ya bandia kwenye kidari, na urefu wake hupita sentimita 4.

Binti alifanya vizuri jambo ambalo wapigaji picha wengi hulisahau: picha yake ya pili ilikuwa ya mti mzima, ya tatu ya jani na kikonyo chake. Majani ya mdimu yana kikonyo chenye mabawa membamba pembeni, na miiba ilionekana kwenye tawi. Mtu wa Nairobi au wa Ulaya aliyeitazama picha hakuhitaji kuuliza ni mmea gani. Picha hizo mbili zina ukungu, na zina thamani kuliko arubaini zilizofuata.

Kwa nini picha za wiki ya kwanza zilikuwa mbovu

Hapakuwa na sababu moja. Zilikuwa tatu zilizoshikana.

Ya kwanza ni umbali. Kamera kuu ya simu ya aina hii hailengi kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 10 hivi. Kwa umbali huo fremu nzima huchukua upana wa sentimita 14, na upana huo ndio unaogawanywa kwa pikseli 4000. Kiwavi wa milimita 6 anapata pikseli 170 tu. Ukimkuza, unakuza ukungu. Lenzi ya kubana inaisogeza simu hadi sentimita 3, fremu inakuwa ya sentimita 4, na kiwavi yuleyule anapata pikseli 600. Tofauti hiyo inatosha kuonyesha miiba midogo ya mgongoni.

Lakini sentimita 3 zina gharama zake. Simu yenyewe humtia mdudu kivuli, na kina cha sehemu iliyo kali hubaki milimita chache. Kichwa kikitoka vizuri, mkia unapotea. Dawa ni kumweka kiwavi ubavu sambamba na kioo cha simu, ili mwili wote uwe kwenye umbali mmoja. Katika picha za wiki ya kwanza karibu zote alipigwa kutoka mbele kwa mshazari, jambo linalopendeza macho na lisilofaa kitu kwa utambuzi.

Sababu ya pili ni ukuta. Chokaa nyeupe nyuma ya mti huidanganya kamera: inaona mwanga mwingi, inaipunguza picha nzima, na kiwavi anakuwa kipande cha mkaa. Ukigusa kioo juu ya kiwavi na kushikilia mpaka kipimo kijifunge, kisha ukaburuta alama ya jua kwenda juu kidogo, tatizo linapungua. Linaondoka kabisa ukitundika jamvi kuukuu nyuma ya tawi. Rangi ya ukindu ni ya kati, wala haing'ai. Ukuta mweupe ulio upande wa pili, nyuma ya mgongo wa mpiga picha, uachwe kama ulivyo, maana huo ni taa ya bure.

Ya tatu, na ndiyo iliyoleta hasara kubwa, ni saa. Binti alikuwa akipiga picha saa kumi alasiri, akitoka shule. Saa hiyo jua la magharibi linaingia uani kwa ubavu, nusu ya jani inawaka na nusu ni giza, na kusi inavuma kwa nguvu zake zote. Ushauri wa kawaida ni apige saa moja asubuhi kabla upepo haujaamka. Kwa shamba lililo wazi ushauri huo ni sawa. Kwa ua wa Lamu wenye kuta ndefu haufai: saa moja ua bado uko kwenye giza la kuta, simu inapunguza kasi ya kupiga hadi 1/30 ya sekunde au chini yake, na hata mpigo wa moyo unaonekana kwenye picha.

Ukishika hesabu ya jua, jibu halikuwa mbali. Lamu iko kusi mwa ikweta kwa nyuzi 2 na robo hivi. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, kwenye kimo cha nyuzi 64. Ukuta wa kaskazini wa mita 4 unatupa kivuli kuelekea kusi, na tawi lililo mita 1.5 kutoka ardhini hubaki ndani ya kivuli hicho maadamu halijapita mita 1.2 kutoka ukutani. Mdimu huu uko sentimita 80. Yaani saa sita na robo mchana, wakati kila mwongozo unasema usipige picha, kiwavi yuko kivulini na ukuta wa kusi unaowaka jua unamrudishia mwanga mlaini kutoka mbele. Wikendi ya pili alipojaribu saa hiyo, simu ilipanda yenyewe hadi kasi ya 1/500, na picha zikatulia.

Upepo wa adhuhuri upo, ila kuta zinaukata, na unaobaki unadhibitiwa hivi: chomeka mwanzi wa mita moja na nusu ndani ya pipa, ufunge kibanio cha nguo kwenye mwanzi kwa uzi, kisha ubane kitawi sentimita 5 chini ya jani lenye kiwavi. Usibane jani. Jani likibanwa hunyauka, na kiwavi ataliacha. Baada ya hapo shikilia kitufe simu ipige mfululizo wa picha kumi, uchague moja, ufute tisa siku hiyohiyo. Rundo la picha zisizochaguliwa ndilo lililomfanya binti asiione ile muhimu kuliko zote, tutakayoifikia.

Kabla hatujaondoka hapa, kuna habari ya lenzi. Hewa ya Lamu ina chumvi, na chumvi kavu ni punje ngumu. Puliza kwanza, kisha pangusa kwa kitambaa laini kilicholowanishwa kidogo. Anayepangusa kwa ncha ya kanga anakwaruza. Lenzi ikishapata mikwaruzo, kila picha ya mchana itakuwa na utando mweupe usioondoka.

Kiwavi wa tatu

Siku ya saba kiwavi mmoja hakuwepo. Hapa ushahidi ni haba, na ni vyema kuuacha ukiwa haba. Picha mbili za siku ya tano zinaonyesha sisimizi wakilinda vidukari, wadudu wadogo wafyonzao utomvu, kwenye kichipukizi hichohicho. Siku ya sita mtu wa nyumbani alinyunyiza maji ya sabuni kuwaua vidukari hao. Sisimizi huwashambulia viwavi wadogo, na maji ya sabuni huua mdudu yeyote mwenye ngozi laini, hayachagui. Picha ya jani tupu haikupigwa siku ile, wala ya ardhi chini yake, kwa hiyo hatuwezi kuwahukumu sisimizi wala sabuni. Mahali mdudu alipotoweka panapaswa kupigwa picha kama mahali alipokuwepo: je, kuna ngozi, damu ya kijani, jani lililoliwa nusu? (Lau mdimu ungekuwa na viota vya majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, pengine hata hao wawili wasingefika mwisho.)

Waliobaki walikua bila matata. Siku ya kumi na nne mmoja alitoka kijani. Hapo binti alipata picha ya pembe mbili za rangi ya chungwa zinazochomoza nyuma ya kichwa kiwavi anapoguswa, zenye harufu kali. Picha hiyo hupatikana kwa kugusa mara moja tu kwa unyasi, simu ikiwa tayari inapiga mfululizo, maana pembe hurudi ndani upesi. Kumchokoza mara nyingi kunamchosha, na hakuongezi taarifa. Angalizo jingine: yale macho makubwa kidarini si macho. Kichwa cha kweli ni kidogo, kimeinamishwa chini mbele yake, na ndicho cha kulengwa.

Mabundo mawili, matokeo mawili

Siku ya ishirini viwavi wote wawili waliacha kula. Mmoja alijifunga kwenye shina la mdimu, akawa bundo, yaani ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, la kijani. Wa pili aliteremka, akavuka ua, akapanda boriti ya kamba ya kuanikia nguo, akawa bundo la hudhurungi. Ni spishi moja. Rangi ya bundo hufuata mahali lilipojishikiza. Kwa anayetambua, tofauti hiyo inaweza kuonekana kama spishi mbili, na kilichookoa hali ni mfululizo wa picha za kiwavi wa pili akipanda boriti. Tazama pia namna bundo linavyokaa: mkia umeshikizwa kwa hariri, na uzi mwembamba umezunguka kiuno. Picha ya ubavu inayoonyesha uzi huo ni ya lazima.

Siku ya ishirini na moja, kwenye picha nne za bundo la kijani, kuna vidoa vyeusi viwili vitatu. Binti alidhani ni vumbi, akapangusa lenzi, akaendelea. Dhana hiyo inapimika bila kifaa chochote. Vumbi la lenzi hukaa mahali palepale katika kila fremu, hata ukigeuza simu. Vidoa hivi vilihama: picha ya kwanza vilikuwa ubavuni mwa bundo, ya tatu karibu na kichwa, ya nne kimoja kilikuwa hewani. Walikuwa nyigu wa milimita 2 au 3. Bundo jipya lina ngozi laini kwa muda mfupi, na nyigu wa aina hii hulivizia saa hizo wakatage ndani yake. Tukio zima lilikuwa mbele ya kamera, na likafutwa kama uchafu.

Wiki mbili zilizofuata ndizo zenye somo kubwa kwa anayechunga mabundo uani, kwa sababu bundo lenye kipepeo na bundo lenye nyigu hufanana kwa siku nyingi. Ishara zilizokuwepo kwenye picha ni hizi. Bundo la boriti lilitikisa tumbo kila lilipoguswa kwa unyoya. La mdimu liliacha kutikisika. La mdimu lilibadilika polepole kuwa rangi ya shaba mwili mzima, bila mchoro wowote. La boriti lilibaki vilevile hadi siku ya mwisho, kisha likawa jeusi na madoadoa ya manjano ya bawa yakaonekana kupitia ganda. Weusi wa ghafla wenye mchoro ni kipepeo. Ushaba wa taratibu usio na mchoro ni habari mbaya, au nzuri, kutegemea unampenda nani.

Kipepeo wa boriti alitoka asubuhi ya siku ya thelathini na sita. Mabawa yalikunjuka kwa muda usiotimia saa moja, akaning'inia mpaka adhuhuri akikauka. Ni saa nzuri za picha, kwa kuwa hawezi kuruka, na ndizo saa ambazo hafai kuguswa. Picha tatu zilitosha kumaliza ubishi: mabawa wazi kutoka juu, mabawa yamefungwa kutoka ubavuni, na bawa la nyuma peke yake. Bawa la nyuma la Papilio demodocus halina mkia, ingawa jamaa zake wengi wanao, na lina doa lenye umbo la jicho kwenye pembe ya ndani na jingine kwenye ukingo wa mbele.

Siku iliyofuata bundo la mdimu lilikuwa na tundu la milimita moja. Kipepeo hupasua ganda upande wa kichwa, na mpasuko wake ni mkubwa. Tundu dogo la mviringo ni mlango wa mtu mwingine. Nyigu makumi walitoka kupitia tundu hilohilo, weusi wenye mng'ao wa kijani. Wangekuwa nzi wa jamii ya Tachinidae, ambao nao hukulia ndani ya viwavi, mambo yangeonekana tofauti: buu hutoboa na kuteremka chini, kisha hugeuka kidonge cha hudhurungi. Nzi ana mabawa mawili, nyigu manne, hata yawe madogo kiasi gani.

Picha arubaini za nyigu zisizosema kitu

Binti aliwafunika kwa gilasi, akawapiga picha saa sita kivulini, mwanga ukiwa bora kuliko siku zote. Zilitoka safi. Ila zote zimepigwa kutoka juu, mabawa yamelala mgongoni, na mgongo ndio sehemu iliyofichwa na mabawa hayo. Kutoka picha hizo yanaonekana mambo mawili: vipapasio vimekunjika kama kiwiko, na bawa la mbele lina mshipa mmoja tu ukingoni. Hayo yanatosha kuwaweka kwenye kundi kubwa la nyigu liitwalo Chalcidoidea. Hayatoshi hata kidogo kutaja jenasi.

Kilichokosekana ni uso kutoka mbele, ubavu mzima pamoja na miguu ya nyuma, bawa lililonyooshwa, vipapasio ambavyo vipingili vyake vinahesabika, na rula ndani ya fremu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayopatikana kwa nyigu anayekimbia ndani ya gilasi. Zinapatikana kwa sampuli. Baada ya picha, nyigu wote waliachwa waende, na ganda la bundo likatupwa pamoja na majani makavu.

Njia ingekuwa hii. Kichupa kidogo chenye kifuniko kinachobana, kama cha dawa ya macho kilichooshwa, kijazwe spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 au zaidi. Nyigu wanane au kumi watiwe humo, wakubwa na wadogo, maana dume na jike hutofautiana na mtaalamu huwahitaji wote. Ndani ya kichupa itiwe karatasi iliyoandikwa kwa penseli: Lamu, Langoni, tarehe, "wametoka bundo la Papilio demodocus juu ya mdimu". Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti, na mwaka ukipita unabaki na karatasi tupu. Ganda la bundo lihifadhiwe kavu kwenye kiberiti. Sampuli yenye lebo ya namna hiyo inaweza kupelekwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, kwenye mkusanyo wa wadudu. Picha arubaini za mgongo haziwezi.

Kumbukumbu ilivyowekwa

Picha ziliwekwa iNaturalist, programu ya kuweka na kutambua kumbukumbu za viumbe, na hapo palitokea kasoro ya mwisho. Zilipitia WhatsApp kwanza, kutoka simu ya binti hadi kompyuta ya binamu yake. WhatsApp huibana picha na kuifutia tarehe ya ndani, kwa hiyo zote zilipanda zikiwa hazina siku, na bila tarehe kumbukumbu haiwezi kufikia daraja la juu hata watu kumi wakubaliane jina. Ilibidi zitumwe upya kwa waya. Anayelazimika kutumia WhatsApp azitume kama dokumenti.

Kipepeo na nyigu waliwekwa kumbukumbu mbili zinazotajana, ndivyo inavyotakiwa. Mahali pamefichwa kwa mpangilio wa programu yenyewe, ambao huonyesha umma eneo pana la nyuzi 0.2 kwa 0.2 badala ya nyumba. Kwa picha za uani hilo lifanywe tangu mwanzo, maana ramani ya kiwavi ni ramani ya mlango wako.

Mdimu utachipua tena mvua za vuli zikinyesha. Mwisho wa Septemba jua la adhuhuri linapita juu ya utosi wa Lamu na kuhamia kusini. Kufikia katikati ya Novemba ukuta wa kaskazini hautakuwa na kivuli adhuhuri, na tawi litakuwa juani kabisa. Pipa lihamishiwe ukuta wa kusi, matawi yasipite sentimita 70 kutoka ukutani, jamvi litundikwe nyuma yake, na kichupa cha spiriti kiwe tayari kabla ya yai la kwanza.